Dawa Iliyorudi Nzima

Jumanne, 1996. Mvua ya mawe alasiri, imechana majani ya chai vibaya. Sasa kumetulia, na baridi imeingia.

Kwako shajara yangu, salamu za heshima, na baada ya salamu, ombi la msamaha. Nimekaa kimya tangu tulipomzika Kiprono. Si kwamba nilikosa wino. Kila nilipofungua ukurasa niliona ni utovu wa adabu kuandika habari za mvua na jua, na habari nyingine sikuwa na nguvu ya kuziandika. Marehemu mke wangu, Rael, alikuwa akisema kwamba mimi huomba radhi hata kwa mlango kabla sijaufungua. Basi na wewe uniwie radhi.

Leo nimetoka katika mkutano wa kamati ya shule, nami nimerudi na hasira. Walimu wangu wa misheni walitufundisha kuikunja hasira kama shuka na kuiweka kando. Leo shuka limekataa kukunjika.

Acha nianze na yaliyotangulia, ili mtu akikusoma siku moja asipotee.

Kiprono alikuwa mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu anayefanya kazi Nakuru, nami ndiye niliyemlea tangu alipoachishwa ziwa. Alikuwa darasa la nne. Mwaka jana nyuki mmoja alimuuma hapa nyumbani, katikati ya michai. Midomo ikavimba, pumzi ikaanza kupiga filimbi, na kama pikapu ya maziwa isingepita barabarani, tungemzika wakati huo. Katika hospitali ya misheni, Sista aliye daktari alimdunga sindano moja, na mtoto akarudi kutoka huko alikokuwa akienda.

Sista alinieleza kwa upole kwamba wako watu ambao miili yao haiivumilii sumu ya nyuki, na kwamba mara ya pili inaweza kuwa mbaya kuliko ya kwanza. Alisema dawa hii haingoji gari. Ni lazima ikae mahali mtoto alipo, kisha ndipo apelekwe hospitali. Akanipa kichupa na bomba la sindano, akanifundisha kudunga kwa kutumia chungwa, akanirudisha nyumbani na baraka.

Niliipeleka dawa hiyo shuleni. Mwalimu Mkuu aliipokea kwa mikono miwili, akaifungia katika kabati la ofisi pamoja na mipira na karatasi za mitihani. Niliomba ikae kwa mwalimu wa darasa. Alinijibu kwamba dawa ni kitu cha kutunzwa, na kwamba ufunguo hautatoka mfukoni mwake.

Kweli haukutoka.

Shule yetu ina shamba la chai, kama shule nyingi za huku. Ijumaa watoto huchuma, na Mwalimu Mkuu mwenyewe huandamana na magunia mpaka kituo cha kununulia, asije mtu akapunguza kilo njiani. Ijumaa ile alikwenda kama kawaida yake.

Kiprono aliumwa shingoni. Nilikuwa nimemwagiza mara nyingi kwamba akiumwa apige kelele, hata kama yuko kanisani. Hakupiga. Wavulana wa umri ule hujaribiana. Hushika upupu, huweka kaa la moto mkononi, na anayekunja uso huulizwa, "Hii tu imekushinda, na kisu je?" Mtoto wa Kipsigis hukijua kisu cha tohara kabla hajajua kuhesabu. Basi aliendelea kuchuma. Rafiki yake aliniambia baadaye kwamba alichuma mpaka vidole vikashindwa kushika jani.

Kifo alikuwa hajakiona. Kicheko alikuwa amekiona.

Alipoanguka, walimu walifanya walichokijua. Walileta mursik, maziwa yetu ya kibuyu, kwa kuwa huku kila aliyeingiwa na sumu hupewa maziwa. Mtoto ambaye koo lake limefunga, wakammiminia maziwa. Mtu mwingine alitumwa mbio kituoni kufuata ufunguo.

Ufunguo ulifika. Kabati likafunguliwa. Wanasema lilifunguka vizuri.

Baada ya mazishi Mwalimu Mkuu alikuja kunipa pole, akanirudishia dawa ikiwa imefungwa katika gazeti. Ilikuwa nzima, kama sahani iliyoazimwa ikarudishwa imeoshwa. Nilimshukuru kwa kuitunza.

Sasa nikueleze habari za Akinyi, maana leo nilikwenda kwa ajili yake.

Akinyi yuko darasa la tatu. Baba yake anafanya kazi katika kiwanda cha chai, na wanaishi kwenye nyumba za wafanyakazi. Ni watu kutoka upande wa ziwani. Mama yake huzunguka na beseni la omena, dagaa wa ziwani, kichwani, boma hadi boma. Alikuja matangani akaketi nyuma kabisa, karibu na kuni, asimzuie mtu. Siku chache baadaye alirudi peke yake, akasimama mlangoni, akakataa kiti.

"Mzee," aliniuliza, "ile ugonjwa ya Kiprono ilianza namna gani?"

Nilimweleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kuivuta leso yake kifuani. Akinyi alikuwa ameumwa na nyuki wakati wa likizo, akavimba macho yote, akatapika, akapona mwenyewe, nao wakashukuru Mungu. Nilifuatana nao kwa Sista. Sista alimpima, akanitazama mimi badala ya kumtazama mama, nami nikajua. Nilitoa kile kichupa cha Kiprono katika koti. Alikiinua kwenye mwanga, akasoma maandishi yake, akasema bado ni kizuri. Akanionyesha kipimo cha mtoto mdogo zaidi.

Ndivyo dawa ya mjukuu wangu ilivyokuwa dawa ya Akinyi. Nilichokwenda kuomba leo ni kwamba isilale tena katika kabati lile.

Mwenyekiti wa kamati ni bakule wangu. Wanaume waliotahiriwa pamoja siku moja huitana hivyo mpaka kaburini, na kwetu jambo hilo linapita undugu. Ndugu yako unaweza kumnyima. Bakule humnyimi. Akifika kwako unamtolea kigoda na maziwa, humwulizi ataondoka lini, na anayemfukuza bakule wake hana wa kumzika.

Na mizinga iliyo katika miti inayopakana na shamba la shule ni ya bakule wangu huyo.

Neno hilo sikuwahi kulitamka kabla ya leo, ingawa hakuna asiyelijua. Kwetu, mnyama wako akimuua mtu, unadaiwa damu. Je, nyuki wa mtu? Hakuna mzee ninayemfahamu aliyewahi kuamua kesi ya namna hiyo, na bakule wangu hataki ianzie kwake. Kwa hiyo kaburini alisimama akasema mtoto alikuwa na moyo dhaifu tangu kuzaliwa. Sikumpinga. Kaburini si mahali pa kubishana.

Leo walituacha nje, mimi na Mama Akinyi, mvua ya mawe ikitupiga miguu chini ya upenu, wao wakizungumza juu ya ua wa shule na bonasi ya chai. Hatimaye tuliitwa. Nilivua kofia.

"Bakule, karibu," alisema Mwenyekiti. "Wewe hata mawe ya Mungu yanakupiga kwa heshima."

Wakacheka, nami nikacheka kidogo, kwa kuwa ni kweli. Kisha nikasema niliyoyapanga. Niliomba dawa ikae katika dawati la mwalimu wa darasa, na walimu wawili wafundishwe kuitumia. Nilisema Sista yuko tayari kuja mwenyewe bila malipo. Nadhani nilisema vizuri. Mwalimu mmoja kijana, aliyekaa nyuma akiandika kumbukumbu za mkutano, aliinua mkono, akatazamwa, akaushusha.

"Bakule," Mwenyekiti alisema, "kijana tulizika. Sasa hii sindano ni ya nani?"

"Ni ya Akinyi, mtoto wa mama huyu."

"Wa hawa watu wa samaki?"

"Wa darasa la tatu, Mwenyekiti."

Mzee aliyekaa karibu na dirisha alisema, "Nyuki zetu zimesoma, bwana. Zinajua mgeni." Kicheko kikazunguka chumba. Mama Akinyi naye alicheka, na hapo ndipo nilipochomwa moyoni. Aliishi hapa mwaka ule wa fujo, nyumba za watu wa kwao zilipochomwa, na tangu hapo amejifunza kucheka kabla mtu hajamwuliza mbona hacheki.

Mwalimu Mkuu alisafisha koo. Si mtu mbaya, na hilo linanitesa kuliko ubaya. "Mzee, tuelewane," alisema. "Mwalimu akidunga mtoto na mtoto akafa, nani atafungwa?"

"Na asipodunga, mtoto akafa?"

"Hapo hakuna wa kufungwa, Mzee."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayenionyesha njia fupi ya kwenda sokoni.

Hapo nikafanya kosa. Niliamini kwamba wanaogopa lile neno lisilosemwa, na kwamba nikiliondoa njiani watapita. Nikasema mbele ya wote kwamba sidai damu. Nikasema nyuki ni wa Mungu, na kwamba niko tayari kula kiapo mbele ya wazee wa rika letu, mimi na ukoo wangu tusidai chochote milele. Nilidhani natoa zawadi.

Bakule wangu alisimama polepole.

"Nani hapa alisema damu?" aliuliza. "Mlisikia mtu akisema damu?" Akawatazama mmoja mmoja. "Basi imetoka kwa mdomo wako. Sikiza, bakule. Ukiweka dawa ya nyuki kwa shule, umeandika kwa ukuta kwamba nyuki iliua mtoto. Leo umekataa damu. Kesho wewe umekufa, na binti yako anakuja na wakili kutoka Nakuru. Hiyo si dawa. Hiyo ni kesi ndani ya chupa."

Ombi likakataliwa. Hawakupiga kura. Walitikisa vichwa mmoja baada ya mwingine, kama ng'ombe wanaofukuza nzi.

Ningeondoka wakati huo, laiti adabu ingeniruhusu. Lakini bakule wangu alikuwa ameshinda, na aliyeshinda hupenda kuwa mkarimu. Alipendekeza kwamba kamati imkumbuke mjukuu wangu. Siku ya michezo kutakuwa na kombe la mbio za darasa la nne, litakaloitwa Kombe la Kiprono. Wote wakapiga makofi. Mzee wa dirishani alisema ni jambo zuri sana, maana kijana alikuwa na mbio. Kisha wakanitazama, wakingoja.

Niliwashukuru.

Nilisimama na kofia mkononi nikawashukuru kwa maneno kamili, jinsi nilivyofundishwa, na sauti yangu haikutetemeka. Sijui kama huo ni ustaarabu au ni ugonjwa.

Njiani Mama Akinyi alitembea nyuma yangu, ingawa nilimsihi atembee kando. Alisema ameamua kumweka Akinyi nyumbani. Atamsaidia kupima omena, na akifikisha umri atachuma chai.

"Lakini mtoto ni wa kwanza darasani," nilimwambia.

"Najua, Mzee. Na Kiprono alikuwa namba ngapi?"

Akajiziba mdomo kwa leso, akasimama katikati ya matope. "Nisamehe, Baba. Nisamehe." Nilimwambia hakuna la kusamehe. Alikuwa wa tano.

Sikuweza kumlaumu. Shule imemwambia waziwazi ambacho mtoto wake atapata pale akiumwa. Atapata maziwa, kicheko, na baadaye labda kombe. Mama yeyote mwenye akili angemfungia mtoto ndani. Lakini Akinyi akikaa nyumbani kuanzia kesho, nyuki watakuwa wamemla hata bila kumgusa.

Tulipofika penye njia panda tulimkuta Akinyi mwenyewe akitungoja, amejifunika gunia kichwani kwa ajili ya mvua. Nilimsalimu, naye akainamisha kichwa nikiguse, kama watoto wa huku wafanyavyo. Amejifunza desturi zetu kuliko sisi. Na hapo, shajara yangu, nikapata wazo, au wazo likanipata. Nilimwomba apige kelele.

"Kelele gani, Babu?"

"Kubwa kabisa. Kana kwamba umeumwa."

"Lakini sijaumwa."

"Ndiyo maana tunajaribu leo."

Aliona haya. Alimtazama mama yake, akatoa sauti ndogo ya kuku. Nikamwambia hiyo haivuki hata mfereji. Akatoa ya pili, nayo ikawa ya mbuzi, na mama yake akacheka, safari hii kwa hiari yake. Ya tatu ilitoka mahali pengine kabisa. Iligonga kilima cha pili ikarudi. Wachumaji wakainuka katika michai, mwanamume mmoja akatoka mbio na panga akiuliza ni nani anauawa. Tulimwomba radhi.

"Ndiyo hiyo," nilimwambia Akinyi. "Wakikucheka, wewe endelea."

Basi nimekata shauri.

Kamati imekataza dawa kuwa shuleni. Haikukataza, wala haina uwezo wa kukataza, mzee kumtembelea bakule wake. Boma la Mwenyekiti na shamba la shule vimetengwa na ua wa miiba tu, wenye pengo ambalo ndama na watoto hulipita kila siku. Kesho kengele ya asubuhi ikilia nitakuwa uani kwake, na kichupa katika mfuko wa ndani wa koti, bomba la sindano likiwa katika kitambaa safi. Atanitolea kigoda, maana hana budi. Nitakaa mpaka watoto watoke. Keshokutwa nitarudi, na siku itakayofuata, na kila siku ya shule mpaka mmoja wetu achoke au afe. Nitakunywa maziwa yake. Nitamwuliza hali ya mkewe, ng'ombe wake na mizinga yake, kwa kuwa kutouliza ni kukosa adabu. Na Ijumaa, watoto wakiwa shambani, nitamwomba kigoda kisogezwe karibu na ua.

Nimejiuliza kama jambo hili ni la Kikristo. Bwana wetu alituamuru tuwapende adui zetu, na sioni mahali alipokataza kuwatembelea. Lakini sitakuficha wewe. Ninapomfikiria ameketi mbele yangu asubuhi hadi jioni, akisikiliza nyuki wake mwenyewe, bila njia ya kuniondoa, moyo wangu hupata joto ambalo halikutoka katika sala.

Kwa Mama Akinyi nimeahidi jambo moja tu, kwamba nitakuwa pale. Akasema Akinyi atakwenda shule kesho, na kwamba siku asiponiona uani atamrudisha nyumbani yeye mwenyewe, hata katikati ya somo. Ni masharti ya haki. Sina ruhusa ya kuugua.

Barua kwa bakule nimeimaliza sasa hivi. Nimempa salamu za nyumba yake yote, nikamwomba radhi kwa kukaa muda mrefu bila kumtembelea, nikamwarifu kwamba kuanzia kesho nitalirekebisha kosa hilo kila siku, na nikamweleza kilicho mfukoni mwangu na mtoto ambaye kimewekwa kwa ajili yake, kwa jina lake na la mama yake. Nimeiandika kwa Kiswahili, ambacho Mama Akinyi hukisoma vizuri, wala si kwa Kipsigis.

Barua ataibeba Mama Akinyi. Hupita pale asubuhi na beseni lake, kwa kuwa mke wa bakule hununua omena, ingawa mume husema ni ya kuku. Nimemsihi aikabidhi mkononi mwa bakule mwenyewe na asiondoke. Bakule wangu alitoroka misheni kabla hatujafika herufi ya tatu, mkewe hakuingia darasani kamwe, na barua zake zote husomwa na Mwalimu Mkuu, ambaye saa hiyo atakuwa kwenye gwaride na watoto. Itambidi amwombe mama huyo amsomee, kwa sauti, mbele ya mkewe.